Wastani Hunyoosha: Uhakiki wa Dhana ya Uhalisi wa Nywele katika Grafiki za Kompyuta na katika Vinyago vya Mapiko vya Kaskazini mwa Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya uhalisi kama inavyotumika katika uundaji wa nywele za binadamu kwa kompyuta. Yanapitia baadhi ya kazi kuu zilizochapishwa kati ya mwaka 1989 na 2024, na kuzilinganisha na mbinu ya wachongaji wa Kimakonde wa kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, ambao hubandika nywele za binadamu kwenye vinyago vya mapiko. Hoja kuu ni kwamba kutegemea wastani hunyoosha nywele za kipilipili katika ngazi tatu: katika hesabu za programu, katika msamiati wa kuzielezea, na katika nakala za kidijiti za urithi wa utamaduni. Makala yanapendekeza kwamba istilahi za Kiswahili za taaluma hii zijengwe juu ya vitenzi vya ususi, na kwamba miradi ya kuhifadhi vinyago kidijiti ichukulie nywele kuwa data inayojitegemea.

1.0 Utangulizi

Nywele ni miongoni mwa sehemu za mwili zilizowasumbua kwa muda mrefu wataalamu wa grafiki za kompyuta. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja. Kila unywele hupinda, hugusana na mwenzake, hupokea mwanga na kuurudisha. Filamu ya Monsters, Inc. ya mwaka 2001 ilipotolewa, mhusika wake Sulley alisifiwa kwa manyoya yake yanayokaribia milioni 2.3, na wingi huo ukachukuliwa kuwa ushahidi wa ufundi. Tangu hapo neno “uhalisi” limekuwa likitajwa katika taaluma hii kana kwamba maana yake imekubaliwa na wote.

Makala haya yanahoji makubaliano hayo kwa kuyatazama kutoka mahali ambapo suala la kuunda nywele zinazofanana na za mtu lilipata jibu lake kabla ya kompyuta. Mahali hapo ni uwanda wa juu wa Mueda na ukanda unaoteremka kuelekea pwani ya Mocímboa da Praia na Palma, kusini mwa Mto Ruvuma. Katika eneo hilo Kimakonde, Kimwani, Kimakwe, Kimakhuwa na Kiswahili hukutana sokoni, bandarini na majumbani. Wachongaji wa Kimakonde huchonga kichwa cha mbao kiitwacho lipiko (wingi: mapiko), na mara nyingi hukivika nywele za binadamu zilizonatishwa kwa nta ya nyuki.

Kulinganisha kinyago na programu ya kompyuta kunaweza kuonekana kuwa kulinganisha vitu visivyo na uhusiano. Hata hivyo, vyote viwili ni vielelezo. Kila kielelezo huchagua sifa chache za kitu na kuziacha nyingine, na uchaguzi huo hufichua kile ambacho mtengenezaji anakiona kuwa cha lazima. Kwa hiyo swali linaloongoza uhakiki huu ni: uhalisi wa nywele hupimwa kwa nywele za nani, na ni nini kinachopotea pale kipimo kisipotajwa?

2.0 Uhalisi uliopimwa kwa nywele za singa

Kazi ya Kajiya na Kay (1989) huhesabiwa miongoni mwa misingi ya taaluma hii. Watafiti hao walionyesha mbinu yao kwa manyoya ya mwanasesere wa dubu, na kanuni yao ya kuakisi mwanga ikaendelea kutumika kwa miaka mingi katika nywele za wahusika wa kibinadamu. Kanuni hiyo huchukulia kila unywele kuwa silinda nyembamba, na hutoa mstari wa mng’ao unaopita juu ya nywele zilizolala upande mmoja. Mstari huo ndio mtazamaji anaouona katika nywele za singa zilizochanwa. Katika nywele za kipilipili, ambazo kila sehemu ya unywele huelekea upande wake, mng’ao hutawanyika katika vimulimuli vidogo, na mstari unaoendelea hauonekani.

Marschner na wenzake (2003) waliipiga hatua kanuni hiyo. Walionyesha kwamba mwanga hufuata njia kuu tatu: huakisiwa juu ya unywele, hupenya na kutokea upande wa pili, au hupenya, ukaakisiwa ndani na kurudi. Maelezo hayo ni sahihi kifizikia na yanahusu unywele wa mtu yeyote. Lakini njia mbili za kupenya huonekana wazi zaidi katika nywele za rangi nyepesi, kwa kuwa melanini nyingi hunyonya mwanga kabla haujatoka. Kazi iliyofuata ilitumia juhudi kubwa kusahihisha mng’ao wa nywele nyepesi, ilhali umbo la nywele zinazojisokota kwa karibu lilibaki pembeni.

Tatizo kubwa zaidi liko katika hesabu ya umbo. Kwa kuwa kukokotoa mwendo wa nywele laki moja ni ghali, programu nyingi hukokotoa mwendo wa nywele chache ambazo makala haya yanaziita nywele elekezi, kisha hujaza zilizobaki kwa kutafuta wastani wa zile zilizo jirani. Kwa nywele za singa njia hii haina hasara kubwa: unywele ulio katikati ya nywele mbili zilizonyooka nao umenyooka.

Kwa nywele za kipilipili matokeo ni tofauti. Tuseme kuna nywele mbili jirani, kila moja imejisokota kama springi ya kalamu. Katika kimo fulani, msokoto wa kwanza umeelekea kulia na wa pili umeelekea kushoto. Programu ikitafuta unywele wa tatu kwa wastani wa hizo mbili, kulia na kushoto hufutana, na unaopatikana ni mstari unaokaribia kunyooka. Nywele mbili za kipilipili zimezaa unywele wa singa. Hapakuwa na mtu aliyekusudia hivyo, wala hapana mstari wa programu unaotaja rangi ya mtu au asili yake. Upendeleo umo ndani ya hesabu yenyewe, kwa sababu hesabu ilibuniwa kwa nywele ambazo wastani wake hauziharibu.

Hapa ndipo ilipo hoja ya msingi ya makala haya. Wastani hunyoosha. Mhakiki anayetafuta nia mbaya hataipata, na asipoipata anaweza kuhitimisha kwamba hakuna tatizo. Tatizo lipo kwenye njia ya mkato ambayo imerithiwa na kila programu iliyojengwa juu ya zile zilizotangulia.

3.0 Marekebisho ya karibuni na mipaka yake

Mwaka 2020 Theodore Kim, mtafiti wa grafiki za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha katika jarida la Scientific American makala yaliyohoji jinsi taaluma hiyo ilivyozifanya ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka kuwa kiwango cha ubinadamu. Baadaye yeye, A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na wenzao walitoa majibu ya kiufundi. Kazi yao ya mwaka 2023, Lifted Curls, inashughulikia sifa ambayo kanuni za awali ziliipuuza: nywele zinazojisokota kwa karibu husimama na kujiinua badala ya kuning’inia. Kazi ya mwaka 2024, Curly-Cue, inashughulikia jiometri. Inaeleza jinsi misokoto ya nywele jirani inavyooanishwa, jinsi baadhi ya nywele zinavyoruka mzunguko na kujitenga na kundi, na jinsi msokoto unavyogeuza mwelekeo wake katikati ya unywele uleule. Sambamba na hayo, Darke aliongoza ujenzi wa maktaba huria ya vielelezo vya nywele za watu weusi ambavyo wasanii wanaweza kuvitumia bila malipo.

Kazi hizi zinastahili sifa kwa sababu mbili. Kwanza, zimehamisha mjadala kutoka kwenye malalamiko hadi kwenye milinganyo inayoweza kujaribiwa. Pili, zimeonyesha kwamba nywele za kipilipili zina mpangilio wake. Mtazamo uliozichukulia kuwa vurugu tupu, kitu cha kuwakilishwa kwa wingu jeusi lisilo na nyuzi, ulitokana na kukosa kutazama.

Hata hivyo, mipaka miwili inabaki. Wa kwanza ni lugha ya uainishaji inayotawala nje ya maabara. Uainishaji wa mtengeneza nywele Mmarekani Andre Walker, ulioenea tangu miaka ya 1990, unaanza na nywele zilizonyooka kama aina ya 1 na kuishia na zilizojisokota zaidi kama aina ya 4. Namba hizo zinadaiwa kuwa majina tu, lakini mpangilio wake unaonyesha mahali safari inapoanzia: kunyooka ndiko sifuri ya kipimo, na kujisokota ni umbali kutoka hapo. Loussouarn na wenzake (2007) walipendekeza makundi manane yanayotokana na vipimo vya mkunjo, na hivyo wakaepuka kutumia majina ya makabila na mabara. Huko ni kupiga hatua, ijapokuwa ngazi inaendelea kupanda kutoka kilichonyooka.

Mpaka wa pili ni kwamba kazi nyingi hizi zinaanza na nywele zilizoachwa huru. Nywele za kipilipili katika maisha ya watu ni nywele zilizofanyiwa kazi: zimesukwa, zimesokotwa, zimenyolewa kwa michoro, zimefungwa mabutu au zimefunikwa kwa kapulana. Kumwonyesha mtu wa Palma au wa Mueda kwa uhalisi kunadai kuonyesha kazi ya mikono juu ya kichwa chake. Fizikia ya unywele mmoja ni mwanzo wa kazi hiyo.

4.0 Lipiko: uhalisi wa mchongaji

Lipiko huchongwa kwa mbao nyepesi kama kichwa kamili chenye uwazi ndani. Mchezaji hukivaa kichwani kwa kukiegemeza nyuma, naye huona kupitia uwazi wa mdomo. Mwili wote hufunikwa kwa nguo. Ngoma ya mapiko inahusiana na jando, na siri ya aliyemo ndani ya kinyago ililindwa na wanaume waliopitia mafunzo. Utafiti wa Jorge Dias na Margot Dias katikati ya karne ya 20, na hasa kitabu cha Paolo Israel, In Step with the Times (2014), unaonyesha kwamba mapiko si desturi iliyoganda. Sanaa hiyo imeonyesha wazee, wanawake wenye ndonya, wakoloni wa Kireno na watu wanaotambulika wa zama zake, na imepita katika vita vya ukombozi na siasa za baada ya uhuru mwaka 1975.

Katika kuunda uso, mchongaji huiga. Pua, sikio na mdomo huchongwa kwa mbao, na chale huchorwa au kuinuliwa kwa nta. Afikapo kwenye nywele, mara nyingi huacha kuiga na kuleta kitu chenyewe. Nywele zilizonyolewa kutoka kichwa cha mtu hunatishwa kwa nta, wakati mwingine kwa kufuata mstari wa paji au michoro ya kunyoa. Hakuna nyuzi elekezi, wala wastani. Kila kishungi kinabaki na msokoto wake kwa sababu ndicho kilekile kilichoota.

Isije ikadhaniwa kwamba hii ni mbinu pekee ya wachongaji, au kwamba ni bora kwa kila hali. Yapo mapiko ambayo nywele zake zimechongwa katika mbao na kupakwa rangi nyeusi. Aidha, nywele zilizonatishwa kwa nta haziyumbi kwa upepo. Mwendo wote hutoka kwa mchezaji: shingo yake inapogeuka kwa mpigo wa ngoma, mtazamaji huona kichwa kilicho hai. Lipiko haliwezi kumfundisha mhandisi jinsi ya kukokotoa mwendo wa unywele. Linachomfundisha ni swali la kujiuliza kabla ya kukokotoa: ni sifa gani ambayo ikibadilishwa, mtazamaji wa mahali hapo hatamtambua tena mtu anayeonyeshwa? Kwa mchongaji wa Kimakonde, mbao inaweza kusimama badala ya mfupa na nyama. Kusimama badala ya nywele ni jambo ambalo hakulikubali kwa wepesi.

Uamuzi huo una uzito wa kimaadili pia. Nywele ni sehemu ya mwili wa mtu fulani. Katika jamii nyingi za pwani na bara, zilizonyolewa hazitupwi ovyo, kwa kuwa aliyezishika anahesabiwa kuwa ameshika kitu cha mwenyewe. Kinyago chenye nywele hubeba kwa hiyo zaidi ya sura. Kielelezo cha kompyuta hakidaiwi na mtu, na wepesi huo ndio unaokifanya kinakilike bila idhini.

5.0 Msamiati: singa, kipilipili na vitenzi vya mikono

Lugha nayo ina wastani wake. Kivumishi kimoja cha Kiingereza chenye kumaanisha nywele zenye mkunjo hutafsiriwa mara kwa mara kwa Kiswahili kuwa “nywele za mawimbi”. Tafsiri hiyo inatosha kwa nywele zinazopinda kidogo, lakini inapotumika kwa nywele zote zisizonyooka, inafanya kile ambacho programu ilifanya: inachukua vitu vinavyotofautiana na kuvilaza katikati. Wimbi hupanda na kushuka. Msokoto hujizungusha. Haya ni maumbo mawili tofauti, na mlinganyo wa moja hauelezi lingine.

Kiswahili chenyewe hakina usafi wa kujivunia katika suala hili. Neno “singa” huambatana na sifa ya uzuri na ulaini, ilhali “kipilipili”, lenye taswira ya punje za pilipili, hutumika mara nyingi kwa dharau, sawa na maelezo kama “nywele ngumu”. Kuchukua majina haya na kuyafanya istilahi za kitaalamu bila mjadala ni kuingiza hukumu ya kijamii katika kamusi ya sayansi. Makala haya yanalitumia neno kipilipili kwa kuwa ndilo linalojulikana, na kwa kuwa neno linalojulikana linaweza kusafishwa kwa matumizi.

Hazina iliyo bora zaidi imo katika vitenzi. Wazungumzaji wa pwani hutofautisha kusuka, kusokota, kusonga, kufuma na kufumua. Anayesuka ukili wa mkeka huongoza miaa kwa kupishanisha. Anayesokota kamba huzungusha nyuzi mpaka zishikane zenyewe. Vitenzi hivihivi hutumika kwa kichwa cha mtu. Kwa upande wa sarufi, mnyambuliko huongeza kile ambacho mhandisi anakihitaji: sokota hutaja tendo, sokoteka hutaja uwezo wa unywele kupokea tendo, sokotana hutaja uhusiano wa nywele na jirani zake, na sokotoa hutaja kurudi nyuma. Hizo ni nguvu na mahusiano, na uigaji wa kompyuta unajengwa kwa nguvu na mahusiano.

Kwa msingi huo, sifa tatu za kijiometri zilizotajwa katika Curly-Cue zinaweza kuitwa kwa Kiswahili sokotano, kwa nywele jirani zinazooanisha mizunguko yake. Mruko wa mzunguko, kwa unywele unaojitenga na kundi. Na mgeuko wa msokoto, kwa unywele unaobadili mwelekeo. Mapendekezo haya yanahitaji kupimwa na wasusi na vinyozi kabla ya kupelekwa kwenye vikao vya istilahi. Wasusi na vinyozi wa Palma, Mtwara na Pemba wanazijua tofauti hizi kwa vidole, na pengine wana majina ambayo hayajawahi kuandikwa.

6.0 Nakala za kidijiti na wajibu wa watunga sera

Suala hili lingebaki la kinadharia kama hali ya Cabo Delgado ingekuwa tulivu. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wamelazimika kuhama. Ngoma huhitaji uwanja, wapigaji, vijana wa kufundishwa na watazamaji wanaoelewa. Watu wanapotawanyika, vyote hivyo hutawanyika. Wakati huohuo, mapiko mengi yamo katika makumbusho, yakiwemo ya Lisbon, London na Nampula, na wito wa kutengeneza nakala za kidijiti za urithi ulio hatarini unazidi kusikika duniani.

Nakala hizo aghalabu hutengenezwa kwa fotogrametria au kwa mionzi ya leza. Mbinu zote mbili hufanya kazi vizuri kwenye uso mgumu usiopenyeka, kama mbao. Kwenye nywele hushindwa, kwa sababu uzi ni mwembamba kuliko uwezo wa kipimo na uso wake haushikiki. Programu huchukulia nywele kuwa kelele katika data, kisha huzilainisha. Kinachobaki juu ya kichwa cha lipiko ni gamba moja lenye mabonde. Hapa wastani umefanya kazi yake kwa mara ya tatu, na safari hii juu ya nywele za kweli za mtu wa kweli. Kijana aliyezaliwa kambini, atakayekijua kinyago hicho kwa njia ya simu pekee, ataona kwamba mababu zake walivika vichwa kofia ya udongo.

Yapo mambo manne ambayo taasisi zinazofadhili na kusimamia miradi ya aina hii zinaweza kuyadai. Kwanza, nywele zirekodiwe kama data inayojitegemea, kwa picha za karibu, vipimo vya mkunjo na maelezo ya namna zilivyonatishwa, kabla ya kinyago kupigwa picha kwa ujumla wake. Pili, kila nakala ieleze wazi mahali ambapo programu imelainisha au kujaza, ili mtumiaji ajue alichokiona na alichokisiwa. Tatu, idhini itafutwe kwa jamii zenye mapiko, kwa kuwa nakala inayogeuzwa pande zote hufunua ndani ya kinyago, sehemu ambayo desturi iliificha. Nne, maelezo ya nakala yaandikwe pia kwa Kimakonde na Kiswahili. Kireno ndiyo lugha rasmi ya Msumbiji, lakini Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na uamuzi huo utakuwa na maana kwa mwanakijiji wa Ruvuma pale atakaposoma maelezo ya urithi wake kwa lugha anayoielewa.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yana nafasi yao pia. Istilahi za grafiki za kompyuta zinahitajika katika vyuo ambako vijana wanaunda michezo ya video na katuni. Zikitungwa kwa kutafsiri vivumishi vilivyopo, zitarithi ngazi inayoanza na kunyooka.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba uhalisi wa nywele katika grafiki za kompyuta ulijengwa juu ya njia ya mkato iliyofaa aina moja ya nywele, na kwamba marekebisho ya miaka ya karibuni yamegusa fizikia kuliko yalivyogusa lugha na uhifadhi. Kipimo rahisi kinaweza kutumika na mtafiti, mfadhili au mhariri wa istilahi kwa kila kielelezo kinachodaiwa kuwa halisi: zichukuliwe nywele mbili za kipilipili, utafutwe wastani wake kwa mbinu inayopendekezwa, kisha itazamwe kama kilichopatikana bado ni cha kipilipili. Mbinu isiyofaulu jaribio hilo haipaswi kutumika kuhifadhi kichwa cha lipiko, wala kumchora mtoto wa Mocímboa da Praia.